Programu Imenasa Kwenye Kitanzi: Isimamishe Bila Kuharibu Kazi

Swali hili halikauki kwa wasomaji wanaojifunza kuandika programu, na hata kwa walioajiriwa kuziandika: programu imeingia kwenye kitanzi kisichokwisha, skrini inamwaga mistari ileile au imenyamaza kabisa, kompyuta inapata moto, niisimamishe vipi? Wengi huuliza wakiwa wameshashikilia kitufe cha kuzimia kompyuta, na swali lao la pili huwa ni namna ya kuokoa faili lililoharibika.

Jibu fupi ni hili: anza kwa njia ya upole, panda ngazi moja moja, na kila ngazi uipe muda kabla ya kuiacha. Jibu refu ndilo linalofuata. Mifano mingi ni ya Linux na Python kwa sababu ndiko maswali mengi yanakotoka, ila watumiaji wa Windows na Mac wana sehemu yao.

## Kwanza hakikisha imenasa kweli

Programu nyingi huuawa zikiwa kazini. Kusoma rekodi milioni kadhaa huchukua muda, na ukimya wa skrini si ushahidi wa kitanzi. Fungua dirisha la pili la terminali utazame mambo manne:

- Prosesa. Kwenye Linux na Mac andika `top`. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Kitanzi kinachozunguka bure kwa kawaida hushika karibu asilimia 100 ya kiini kimoja cha prosesa na hakishuki. Ukiona karibu asilimia 0, programu haizunguki, inasubiri: jibu la mtandao, nywila, au wewe uandike kitu.
- Kumbukumbu. Ikipanda bila kukoma, kitanzi kinajaza orodha isiyo na mwisho. Hapo usikawie, maana kompyuta nzima iko mbioni kuganda.
- Faili la matokeo. Lipime kwa `ls -l`, subiri nusu dakika, lipime tena na utazame mistari yake ya mwisho. Likikua kwa mistari mipya, kazi inaendelea. Likikua kwa mstari uleule, ni kitanzi, na diski inajaa.
- Diski. Andika `df -h`. Diski ikijaa, programu nyingine zisizo na kosa nazo huanza kushindwa kuhifadhi kazi zao.

Ukiwa bado na shaka, unaweza kuichungulia programu bila kuisimamisha. Kwa Python kuna zana iitwayo py-spy: `py-spy dump --pid 4821` (weka namba ya mchakato wako) huonyesha mstari unaotekelezwa wakati huo. Kwa Java, `kill -3` huifanya programu ichapishe hali ya nyuzi zake zote na kuendelea. Angalizo: hiyo ni kwa Java tu. Programu nyingine nyingi zikipelekewa `kill -3` hufa.

## Jiulize inagusa nini

Hapa ndipo usalama ulipo. Kitanzi kinachofanya hesabu kichwani mwa kompyuta unaweza kukikata muda wowote na usipoteze chochote. Kitanzi kinachogusa vitu vya nje ni jambo jingine. Jiulize maswali matatu:

1. Inaandika faili? Ukiikata katikati, faili linaweza kubaki nusu.
2. Imefungua kanzidata? Kunaweza kuwa na mabadiliko ambayo hayajathibitishwa.
3. Inatuma kitu kwa watu: SMS, barua pepe, malipo ya simu? Kila mzunguko ni pesa inayotoka au mteja anayesumbuliwa.

Kwa swali la tatu, mpangilio wa hatua unabadilika. Funga mlango wa nje kwanza, kisha shughulikia programu. Ingia kwenye akaunti yako kwa mtoa huduma wa SMS au malipo na usitishe ufunguo ambao programu inautumia. Ukishindwa, ondoa mtandao kwenye mashine hiyo. Ila ujue kuwa kukata mtandao kunaacha maombi ambayo yalishatoka na majibu yake hayakurudi. Usiyaandike kuwa yameshindwa. Yaandike kuwa hayajulikani, na usiyatume upya kabla ya kuyalinganisha na taarifa ya mtoa huduma. Mteja aliyelipwa mara mbili ni vigumu kumdai.

Kosa kubwa la saa kama hiyo ni kurekebisha msimbo huku programu ikiendelea kukimbia. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliona programu yake ya biashara ya hisa ikirusha oda bila kukoma. Katika kuhangaika kuizuia, mafundi waliondoa msimbo mpya kwenye seva saba ambazo zilikuwa sawa, wakiamini ndio wenye kosa. Tatizo likaongezeka. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Simamisha kwanza. Kutafuta kosa kutafuata.

## Ngazi ya kwanza: Ctrl+C

Bofya ndani ya dirisha ambamo programu inakimbia, bonyeza Ctrl+C mara moja, kisha subiri sekunde kadhaa. Kwa kufanya hivyo unaipelekea programu ishara namba 2, SIGINT, yaani ombi la kukatiza. Python huigeuza ishara hiyo kuwa kosa liitwalo KeyboardInterrupt, hivyo sehemu za `finally` na `with` hupata nafasi ya kufunga mafaili. Pia huchapisha mstari ambao programu ilikuwa imefika. Nakili ujumbe huo kabla hujafunga dirisha, kwa sababu ndio ushahidi wako wa kwanza wa mahali kitanzi kilipo.

Mambo ya kuangalia:

- Usibonyeze mfululizo. Ctrl+C ya pili inaweza kukatiza usafishaji ambao ya kwanza imeuanzisha, na faili likabaki nusu.
- Angalia maandishi uliyochagua. Katika terminali ya Windows, ukiwa umechagua maandishi kwa kipanya, Ctrl+C hunakili tu na programu huendelea.
- Kwa programu za C, upole huu una mpaka. Kama mwandishi hakuweka utaratibu wa kupokea ishara, programu hufa papo hapo, na maandishi ambayo hayajashushwa kwenye diski hupotea.
- Katika Jupyter, toka kwenye kisanduku kwa Esc kisha bonyeza I mara mbili. Hii hukatiza kazi na kuacha vigeu vyako vyote. Kubonyeza 0 mara mbili huanzisha kila kitu upya na vigeu hupotea, basi iache iwe ya mwisho.

### Mbona Ctrl+C haifanyi kazi?

Sababu ya kawaida kwenye Python ni mwandishi mwenyewe. Ameandika `except:` tupu ndani ya kitanzi, na mtego huo unanasa kila kitu, pamoja na ombi lako la kukatiza. Programu inapokea ishara, inaipuuza, inazunguka tena. Andika `except Exception:` badala yake. KeyboardInterrupt haimo katika kundi hilo, hivyo itapita.

Sababu ya pili ni skripti ya Bash inayoita amri nyingine ndani ya kitanzi. Amri kama `ping` hupokea Ctrl+C, hufunga hesabu zake na kuondoka kistaarabu, nayo Bash huona kila kitu ni shwari na kuendelea na mzunguko unaofuata. Dawa yake inafuata hapa chini.

## Usidanganywe na Ctrl+Z

Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza. Ukibonyeza Ctrl+Z, mshale wa amri unarudi na neno "Stopped" linatokea, basi mtu anadhani amemaliza. Programu haijafa. Imelazwa tu: kumbukumbu yake bado imeshikwa, mafaili yake bado yamefunguliwa, na kanzidata inaweza kuwa bado imefungwa na mabadiliko yake. Anayerudia hivyo mara tano anakuwa na programu tano zilizolala.

Ctrl+Z ina kazi yake ikiwa utaifuatisha na hatua hizi:

1. Andika `jobs` uone orodha ya kazi zilizolala.
2. Andika `kill %1`, ukiweka namba ya kazi uliyoiona. Hivi ndivyo unavyoimaliza ile skripti ya Bash yenye `ping`.
3. Ukitaka iendelee badala ya kufa, andika `fg`.

Na kama skrini imeganda ghafla bila ishara nyingine yoyote, jaribu Ctrl+Q. Inawezekana uligusa Ctrl+S, ambayo katika terminali nyingi husimamisha maandishi kwenye skrini hata kama programu haijanasa.

## Ngazi ya pili: ombi la kuondoka

Ctrl+C ikishindwa, fungua terminali nyingine utafute namba ya mchakato:

- `pgrep -af jina_la_skripti.py` huonyesha namba pamoja na amri kamili kwenye Linux. Kwenye Mac tumia `ps aux | grep jina_la_skripti`.
- Soma mstari wote kabla ya kuendelea. Hakikisha ni programu yako wala si ya mwenzako kwenye seva ileile.
- Andika `kill 4821`, ukiweka namba uliyoipata.

Amri ya `kill` ikiwa peke yake hutuma ishara namba 15, SIGTERM. Hili nalo ni ombi: programu iliyoandikwa vizuri huipokea, humaliza inachoandika, hufunga mafaili na kuondoka. Subiri sekunde kumi hadi thelathini. Zana za kuendesha seva nazo hufuata desturi hiyo: Docker kwa kawaida husubiri sekunde 10 kabla ya kutumia nguvu, na systemd husubiri sekunde 90.

Onyo: epuka `killall python3` na `pkill python3`. Amri hizo hazichagui. Zinaua kila programu ya Python unayomiliki, pamoja na ile ya kuhifadhi nakala ambayo uliiacha ikifanya kazi tangu asubuhi.

## Ngazi ya tatu: kill -9

`kill -9 4821` hutuma SIGKILL. Ishara hii haimfikii mlengwa kabisa. Mfumo wa uendeshaji unaiondoa programu bila kuiuliza. Hakuna `finally`, hakuna kufunga faili, hakuna kufuta faili la muda wala kufuli.

"Lakini mimi huitumia kila siku na sijapata tatizo." Inawezekana kabisa, ikiwa programu zako hazigusi chochote cha nje. Siku zitakapogusa, gharama haitaonekana saa ileile. Itaonekana wiki ijayo, utakapofungua faili na kukuta mstari wa mwisho umekatika, au programu inakataa kuanza kwa sababu faili la kufuli la jana bado lipo.

Itumie pale tu unapotimiza masharti haya:

- Ctrl+C na `kill` ya kawaida zimepewa muda na zimeshindwa.
- Unajua inaandika wapi, na uko tayari kukagua sehemu hiyo.
- Au kumbukumbu inajaa kwa kasi kiasi kwamba kusubiri kutaangusha mashine nzima.

Je, na hiyo nayo ikishindwa? Tazama safu ya hali katika `ps aux`. Herufi D ina maana programu inasubiri diski au mtandao ndani ya kiini cha mfumo, na haitakufa mpaka usubiri huo uishe. Shughulikia diski au folda ya mtandao iliyokwama. Herufi Z ina maana imeshakufa, ila mchakato ulioizaa haujapokea taarifa. Hiyo haili prosesa, na kuiua tena hakuna maana.

## Kwa Windows, Mac na Excel

- Windows, dirisha la amri: Ctrl+C, kisha Ctrl+Break kama kibodi ina kitufe hicho.
- Windows, kwa namba: `tasklist` huonyesha namba, na `taskkill /PID 4821` huomba programu ifunge. Programu za dirisha la amri mara nyingi hukataa ombi hilo. Hapo ongeza `/F`, ukijua kuwa ni sawa na kill -9.
- Mac: Command+Option+Esc huleta orodha ya programu za kufunga kwa nguvu. Kabla ya hapo jaribu Activity Monitor, ambayo hukuruhusu kuchagua kufunga kwa kawaida.
- Excel yenye macro iliyonasa: bonyeza Esc au Ctrl+Break. Ukifanikiwa, hifadhi kitabu chako cha kazi kwa jina jipya kabla ya kurekebisha msimbo. Usihifadhi juu ya faili la awali, kwa sababu macro inaweza kuwa imeshabadilisha nusu ya safu.
- Chrome: Shift+Esc hufungua orodha ya kurasa zake. Ua ukurasa ulionasa peke yake, usifunge kivinjari chote.

## Kanzidata ina taratibu zake

Swali la kanzidata likinasa, usiiguse seva kwa `kill -9`. Kwenye PostgreSQL, kuua mchakato mmoja kwa njia hiyo hulazimisha seva kukata miunganisho ya watumiaji wote na kuanza kujikarabati. Pita njia hii:

1. PostgreSQL: tafuta namba katika `pg_stat_activity`, kisha `SELECT pg_cancel_backend(namba);`. Ikishindwa, `pg_terminate_backend(namba)`.
2. MySQL: `SHOW PROCESSLIST;` kisha `KILL QUERY namba;`. Ikishindwa, `KILL namba;`.

Baada ya hapo kuwa na subira. Mabadiliko ya saa nzima hayafutiki kwa sekunde moja. Kanzidata inayarudisha nyuma hatua kwa hatua. Kuiwasha upya seva ya MySQL ukidhani umeharakisha hakusaidii, kwani ikiwaka itaendelea na kazi ileile.

## Ikifa na kufufuka

Umeua programu, ikarudi na namba mpya. Hapo kuna msimamizi anayeiwasha. Usishindane na mtoto, nenda kwa mzazi: `systemctl stop` kwa huduma za systemd, `docker stop` kwa kontena, na `crontab -l` uone kama imepangiwa kuanza kila dakika. Zima ratiba kwanza, kisha ua programu.

## Kompyuta nzima ikiganda

"Si nizime umeme tu?" Kuna hatua kabla ya hapo:

- Jaribu kuingia kutoka kompyuta nyingine kwa `ssh`. Mara nyingi skrini imeganda ila mfumo bado unaitika.
- Kwenye Linux bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate terminali safi, uingie na utumie `kill`.
- Kwenye Ubuntu shikilia Alt na SysRq (mara nyingi ni kitufe cha PrtSc), kisha bonyeza S, U na B, ukiacha sekunde chache katikati ya kila kimoja. Data hushushwa kwenye diski, diski huwekwa katika hali ya kusomeka tu, kisha mashine hujiwasha upya.
- Gusa kitufe cha kuzimia mara moja kwa muda mfupi. Mashine nyingi huchukulia hilo kuwa ombi la kuzima kwa utaratibu. Kukishikilia kwa sekunde kadhaa ni sawa na kukata umeme.

## Baada ya kuisimamisha

Kazi haijaisha. Kagua haya kabla ya kuiendesha tena:

1. Andika `echo $?` papo hapo katika terminali ilimokuwa ikikimbia. 130 ina maana ilikufa kwa Ctrl+C, 143 kwa SIGTERM, 137 kwa SIGKILL. Ukiona 137 na hukutuma wewe, mshukiwa wa kwanza ni uhaba wa kumbukumbu.
2. Andika `pgrep` tena kuhakikisha hakuna mtoto aliyebaki akizunguka.
3. Fungua faili la matokeo utazame mistari ya mwisho.
4. Tafuta mafaili ya kufuli na ya muda. Yafute baada tu ya kuhakikisha hakuna programu hai inayoyatumia.
5. Linganisha yaliyotumwa nje na kumbukumbu za mtoa huduma.

## Kinga kwa kitanzi kijacho

- Weka ukomo. Kila `while` iwe na idadi ya juu ya mizunguko. Ikifika, itoe ujumbe na kusimama.
- Hakikisha kila tawi linasogea. Tarehe 31 Desemba 2008, vichezeshi vya muziki vya Zune vya gigabaiti 30 viliganda kwa sababu tawi moja halikusogea. Mwaka ulikuwa na siku 366, na kitanzi cha kukokotoa tarehe kilipofika siku ya 366 hakikupunguza kitu wala kutoka. Microsoft iliwashauri wenye navyo waache betri iishe, kisha waviwashe tarehe 1 Januari, baada ya saa sita mchana kwa saa za Greenwich.
- Iendeshe chini ya saa. Kwenye Linux, `timeout -k 10 300 python3 kazi.py` huomba programu isimame baada ya sekunde 300, na huiua baada ya 10 zaidi kama imekaidi.
- Andika faili la muda kwanza. Ukimaliza, libadilishe jina kwa `os.replace`. Msomaji ataona faili la zamani au jipya, kamwe si nusu.
- Tumia miamala ya kanzidata, na kila malipo au ujumbe uwe na namba yake ya kipekee ili kurudia kusizalishe wa pili.

Kinga hizi zinafaa hata kama hutawahi kuandika kitanzi kibovu. Penye umeme wa kukatika, programu yoyote inaweza kusimamishwa wakati wowote bila ombi, na iliyojengwa hivi haina mengi ya kupoteza.

Usingoje siku ya dharura ndipo ujifunze. Leo andika skripti ya mistari mitatu inayozunguka milele bila kugusa faili lolote, kisha isimamishe kwa kila njia iliyo humu, kuanzia Ctrl+C hadi kill -9, ukitazama namba ya `echo $?` kila mara. Mikono ikishazoea mpangilio huo, siku ya malipo ya kweli hutakimbilia kitufe cha umeme.